Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga na wa Kinshasa: taa ya ngozi kwanza, lazeri ya zahabu kisha

Kwa Waziri wa Afya ya Umma kule Kinshasa, kwa Gavana wa Haut-Katanga na waziri wake wa afya, kwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), na kwenu wote munaoshika makuta (pesa) ya mine,

Jambo yenu, wakubwa wetu.

Mimi ni mwalimu wa kemia na fizika ku segonderi moja hapa Lubumbashi, komine ya Katuba. Si munganga, sina chama, sitafuti cheo. Nawaandikia kwa Kiswahili sababu njo lugha wagonjwa wanalilia ndani yake, Kifaransa muko nacho tosha mu maofisi. Na ile ninaomba nitaisema sasa hivi, ili mwenye haraka asome hapa tu aende zake: nataka huu muji uwe na chumba kimoja, KIMOJA, cha kutibu ngozi kwa mwangaza, chenye taa nyekundu, pomadi yake, frigo, infirmie (muuguzi) aliyesomea ile kazi na labo ya kupima kipande cha nyama, na chumba kianze na watu wenye ualbino. Kisha, kupitia hicho chumba, fakilte zetu ziingie mu hii kazi ya nanopartikuli, vipande vidogo sana visivyoonekana na macho, ambayo maprofesa wa dunia nzima wanaikimbilia. Kwa mupangilio ule ule. Musigeuze.

Kwa nini naandika sasa? Sababu mu WhatsApp za wazazi inatembea habari kwamba kansere sasa inatibiwa na vipande vidogo vya zahabu na mwangaza, hakuna kupasua, hakuna nywele kukatika, na chini ya hiyo habari kuna mutu na namba yake ya simu anauza chupa ya "maji ya nano" kwa dola. Shida ni kwamba nusu ya habari iko ya kweli. Kama yote ingekuwa uongo ningewaambia wanafunzi wangu mufute, basi. Lakini nusu ni kweli, na wakubwa mukinyamaza juu ya hiyo nusu, muuza chupa njo anakuwa mwalimu wa muji. Sasa acheni niifundishe mimi, na ninyi musikie.

Iko vitu vitatu: dawa yenye rangi, mwangaza, na oksijeni. Dawa peke yake haiue kitu, mwangaza peke yake haufanye kitu, lakini vikikutana mahali pamoja kunakuwa moto mudogo usioonekana. Karibu na mwaka 1900 kule Munich, Oscar Raab, mwanafunzi wa profesa Hermann von Tappeiner, alikuwa anaweka rangi moja inaitwa akridini mu maji yenye vidudu vidogo, akashangaa kuona vidudu vinakufa upesi siku moja na kuchelewa siku ingine, na rangi ni ile ile, kipimo ni kile kile. Kumbe tofauti ilikuwa mwangaza ulioingia mu labo. Mu 1903 von Tappeiner na mwenzake Jesionek wakapakaa rangi ya eosini ku vivimbe vya ngozi vya wagonjwa na kuviwekea mwangaza. 1903! Lubumbashi yenyewe ilikuwa haijaanzishwa, ilianza 1910. Kwa hiyo anayewaambia kwamba hii ni "teknolojia ya kesho" hajasoma, ao anataka kuwauzia mashine.

Ilichukua muda mrefu kuingia mu lopitali. Mu miaka ya 1970 Thomas Dougherty, pale Buffalo kule Marekani, akaichukua kwa nguvu na kuitia ku wagonjwa wa kansere, na mwaka 1993 Kanada ikakubali dawa ya kwanza, Photofrin, kwa kansere ya kibofu, Marekani ikafuata 1995 kwa kansere ya umio, ile njia ya chakula. Kazi inaenda hivi: mugonjwa anapewa dawa, dawa inaenda kukaa zaidi mu seli za kansere, kisha munganga anawasha mwangaza mwekundu pale pale. Dawa inapokea nguvu ya mwangaza na kuipitisha ku oksijeni iliyo mu nyama, hiyo oksijeni inageuka kali sana, inachoma seli iliyo karibu yake na inazimika yenyewe kabla haijatoka hata nje ya seli. Njo uzuri wake: kule taa haikufika, hakuchomwi. Mionzi inakusanya madhara kila ukirudia, kemo inatembea mwili muzima, hii inabaki pale umeielekeza na unaweza kuirudia.

Mbaya yake je? Iko, na si kidogo. Kwanza, mwangaza hauingie mbali mu nyama, hata ule mwekundu unafika milimita chache hivi, ukiusukuma sana labda sentimita moja. Kwa hiyo kansere ya ini, ya damu, ile imesambaa mu mifupa, musidanganye mutu. Pili, hizi rangi nyingi hazipendi maji, ukizitia mu damu zinakusanyika mabonge kama mafuta ya mawese mu maji baridi, na rangi iliyo mu bonge haifanyi kazi. Tatu, inabaki mu ngozi. Aliyepewa Photofrin anaambiwa akimbie jua siku 30 na zaidi. Mwaka 1912 munganga mumoja Mujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga mwenyewe dawa ya jamii hiyo ili aone, akaenda ku jua, uso ukavimba na akateseka na jua miezi. Sasa fikirini mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, mvua haijaanza, jua linapiga ku mabati, mumwambie mama muuza mukate pa barabara ya Katuba ajifungie mu nyumba mwezi muzima. Atakula nini?

Hapo njo nanopartikuli zinaingia, na njo maana watu wana haki ya kuzisikia vizuri. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta, unywele wa kichwa una upana wa makumi elfu ya hizo. Watu wa sayansi wanafunga ile rangi ndani ya kifuko kidogo cha mafuta ao cha plastiki inayoyeyuka mu mwili, kifuko kinatembea mu damu bila mabonge, na mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi iko na matundu, kifuko kinapenya na kubaki pale. Dawa moja ya namna hiyo, verteporfini ndani ya vifuko vya mafuta, ilikubaliwa Marekani tangu 2000, lakini kwa ugonjwa wa macho, si kwa kansere. Kuna partikuli zingine zenye madini ya iterbiamu na erbiamu, hizo unazipiga na mwangaza usioonekana, ule wa infraredi unaoingia mbali zaidi, zenyewe zinaugeuza kuwa mwangaza unaoonekana kule ndani na kuwashia rangi. Ni kama kupeleka taa ndani ya nyama bila kukata! Sisemi ni tiba tayari, mingi ya hiyo iko bado ku panya.

Na zahabu? Zahabu haitumii oksijeni, hiyo ni njia ingine, ya joto. Ukipiga zahabu ndogo ya kipimo fulani na lazeri inapata moto na kuchoma seli. Naomi Halas na Jennifer West wa Rice University kule Houston walionyesha mu 2003 ku panya: vipande vya mchanga safi vilivyovikwa ngozi nyembamba ya zahabu, na lazeri ya infraredi juu yake. Mu 2019 ikatoka ripoti ya wanaume 16 wenye kansere ya prostati kule New York, 15 kati yao walifanyiwa ile tiba ya zahabu na lazeri mupaka mwisho. Kumi na sita, wakubwa. Si elfu kumi na sita. Ni hatua ya kweli lakini ni hatua. Na mu 2016 watafiti waliokusanya ripoti 117 za miaka kumi walihesabu kwamba kati ya nanopartikuli unazodunga mu damu, zile zinafika ku uvimbe ni kama 0.7 kwa mia. Zilizobaki zinaenda ku ini na ku bandama. Muuza chupa hakuandika hiyo namba ku chupa yake.

Sasa mutaniuliza, mwalimu, kama kitu chenyewe hakijakomaa unatuandikia nini? Nawaandikia sababu ya historia yetu, na sababu ya wanafunzi wangu.

Historia kwanza. Mu 1915 hapa Katanga kulionekana uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kila mutu anajua ilienda Hiroshima, hiyo tunaimba kila siku. Lakini kabla ya bomu kulikuwa kansere. Tangu 1922 Union Minière ilikuwa inatoa radiamu mu yale mawe kule Olen, Ubelgiji, na radiamu ya wakati ule njo ilikuwa tiba kubwa ya kansere ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichangisha dola 100,000 kumununulia Marie Curie gramu moja, moja tu, kisha mawe ya Katanga yakaingia ku soko na kubomoa bei mupaka Wamarekani waliokuwa wanatoa yao wakafunga. Wagonjwa wa Paris na Brussels walitibiwa na udongo wa Likasi. Hapa Likasi kulibaki shimo. Kisha ikaja kobalti: tangu 1951 kule Kanada wakaanza kutibu kansere na mashine za kobalti 60, yaani kobalti ya kawaida iliyowekwa mu reakta ya nyuklia ikageuka yenye mionzi. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu hili jimbo na lile la Lualaba, na ninyi wenyewe munajua mugonjwa wetu wa kansere mwenye makuta anaenda wapi, anaenda Ndola ao Lusaka, Johannesburg, India. Asiye na makuta anabaki nyumbani na Panadol.

Na hii ya mwangaza inatuhusu vile vile, tena karibu sana. Mu zile rangi za dawa kuna jamii moja nzuri inaitwa ftalosianini, inakamata mwangaza mwekundu kwa nguvu. Katikati ya kila molekuli unaweka atomu moja ya madini. Ukiweka shaba unapata rangi ya bluu nzuri ya kupaka magari, lakini kama dawa haifai, nguvu inapotea upesi kabla haijafika ku oksijeni. Kobalti vile vile hapana. Ukiweka zinki, inafanya kazi! Wanafunzi wangu walicheka sana siku niliwaambia, Katanga nzima inajivunia shaba na kobalti na hapa wote wawili wamefeli mutihani, aliyepita ni zinki ya Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, mine iliyofunguliwa 1924, ikalala tangu 1993, ikaamuka tena 2024. Ile zinki inatoka kama mchanga wa konsantre na inaenda zake nje. Siombi tufungue kiwanda cha dawa kesho, jamani, dawa ya lopitali inataka usafi na sheria ambazo hatuna bado, na gramu chache za zinki hazibadilishe uchumi wa mutu. Ninachosema ni kwamba mutoto wa Kipushi anaweza kusoma hii kemia akiona iko yake.

Na musiseme ni kazi ya Wazungu. Profesa Tebello Nyokong alizaliwa Lesotho mu 1951, akiwa mutoto alikuwa anachunga kondoo siku moja na kwenda kalasi siku ingine, leo ni mukubwa wa ftalosianini na nanopartikuli za kutibu kansere kwa mwangaza, pale Rhodes University, muji wa Makhanda, Afrika Kusini, na mwaka 2009 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake wa sayansi. University of Johannesburg nao wana kituo kizima cha utafiti wa lazeri kinachofanya kazi hiyo. Johannesburg, wakubwa! Makamio ya shaba yanapita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kila siku yakienda upande ule. Bwana Rekta, wanafunzi wawili ao watatu wa UNILU wa kemia na wa udaktari hawawezi kupita ile ile barabara?

Sasa nakuja ku kitu chenyewe, ku ngozi.

Mutu mwenye ualbino hana melanini ya kutosha, ile rangi inayokinga ngozi. Jua linapiga moja kwa moja ku ADN (DNA) ya seli, mwaka baada ya mwaka, na huu muji uko juu, zaidi ya meta 1,200, na mu kiangazi miezi inapita bila wingu. Kunaanza mabaka makavu ya kukwaruza ku masikio, ku pua, ku mudomo wa chini, ku shingo. Hayaumi sana. Mama anapakaa vazelini. Baadaye baka moja linakuwa kidonda kisichopona, na kidonda kile ni kansere tayari. Mu nchi nyingi za Afrika kansere ya ngozi njo inayoua watu wenye ualbino wakiwa bado vijana, na ni kansere unayoiona na macho miaka na miaka kabla haijaua!! Ni kansere chache zinakupa nafasi kama hiyo.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi, mutoto mwenye akili ya hesabu, anakaa mbele sababu macho hayaone mbali. Mama yake alimupeleka ku lopitali moja (sitaitaja, na wale waliokuwa pale hawakuwa watu wabaya, hawakuwa na kitu) na mabaka ku sikio. Aliniambia hivi: "Mwalimu, banasema ni kavu ya ngozi, banamuandikia pomadi, banasema turudie kama inakomea." Ilikomea, yaani iliendelea kukua. Walikuja kukata kipande cha sikio baadaye, ku muji mwingine, na familia iliuza parseli (kiwanja) yao. Mutoto yuko, ni muzima, anavaa kofia. Lakini yale mabaka ya mwanzo, yale ya kwanza kabisa, njo kazi ambayo taa nyekundu inafanya vizuri kuliko karibu kansere zote nilizosema hapo juu, sababu yako juu juu ya ngozi, mahali mwangaza unafika bila shida.

Na hapa nanoteknolojia haiko ndoto, iko mu tube. Kuna jeli ya asidi ya aminolevuliniki iliyotengenezwa kwa matone ya nanometa ili ipenye ngozi vizuri, inaitwa Ameluz, Ulaya iliikubali 2011 na Marekani 2016, kwa mabaka kama yale. Infirmie anasafisha baka, anapakaa jeli, anafunika masaa 3, seli zilizoharibika zinageuza ile asidi kuwa porfirini, rangi inayokamata mwangaza, zenyewe (mwili njo unatengeneza dawa, mimi hiyo sehemu kila mwaka inanifurahisha kuifundisha), kisha anawasha taa nyekundu dakika kumi hivi ao zaidi, kufuatana na taa. Inauma, musimufiche mugonjwa, inachoma kweli wakati taa inawaka. Mugonjwa anakaa mbali na jua siku mbili, si mwezi. Miezi 3 kisha anarudi, wanaangalia, kama baka limebaki wanarudia.

Najua wadaktari wa ngozi watasema kuna azoti ya baridi ya kugandisha baka, kuna pomadi ya fluorourasili, ni rahisi zaidi. Kweli, na chumba kiwe navyo vyote. Lakini mutu mwenye ualbino hana baka moja, ana uso muzima, kichwa, mikono, na taa inatibu eneo zima kwa mara moja na kuacha ngozi nzuri. Pia kuna watakaosema, jua tunalo la bure, kule Ulaya kuna watu wanatumia mwangaza wa mchana pahali pa taa. Hapana. Kumutoa mutu mwenye ualbino ku jua la Katanga masaa mawili ili kumutibu jua, hiyo hapana, taa ya ndani tu.

Na musifikiri taa ni kitu cha mamilioni. Kikundi cha Tayyaba Hasan wa Boston kilitengeneza chombo kidogo cha LED kinachotumia betri, wakakipeleka Aligarh, India, kutibu kansere changa ya ndani ya kinywa ku watu 30 hivi, na kwa wengi wao uvimbe uliisha kabisa. Betri! Kwa muji wenye delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) kama yetu hiyo neno peke yake ni habari njema. Lakini ile jeli inataka frigo, digrii 2 mupaka 8, na umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, tunaujua, kwa hiyo frigo iwe ya sola, kama zile zinazotunza chanjo.

Kitu kinachokuja kabla ya taa, na hapa nawaomba musome polepole: labo. Baka likiwa kansere iliyokwisha kuzama ndani, taa itafunga ngozi juu na kansere itaendelea chini, mutu atafurahi miezi sita halafu atakufa. Bila kukata kipande na kukiangalia ku mikroskopi, bila daktari anayesoma hiyo mikroskopi na kutoa jibu kwa wiki, si kwa miezi, TAA ISIWASHWE. Ninaogopa sana nyinyi wakubwa mutapenda taa sababu inapigwa picha vizuri, na mikroskopi mutaisahau. Kama makuta yanatosha kitu kimoja tu, nunueni mikroskopi na mulipe muenye kuisoma.

Watu wa kufanya kazi tunaweza kuwapata bila kwenda mbali. Moshi, Tanzania, pale lopitali kubwa ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinafundisha si wadaktari tu, na pale pale Moshi wanatengeneza kremu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wanaongea Kiswahili! Infirmie wetu hatahitaji mukalimani. Muwatume wawili wasome, na wakirudi wasiwekwe ku maternite ao ku kaunta ya malipo, sababu hiyo njo desturi yetu, tunasomesha mutu kitu kimoja tunamupa kazi ingine. Na ile kremu ya kukinga, ni kinga ya kwanza, inapita taa, inapita lazeri, tena oksidi ya zinki ya nanometa njo inafanya kremu isiache uso mweupe kama unga wa ngano, yaani hata pale nano imetutangulia. Leo iko mu farmasi za wenye mali. Kama kuna ushuru juu yake, uondoeni. Hiyo haitaki mashine wala munganga, inataka sahihi moja ya Kinshasa.

Makuta je? Sheria ya mine (code minier) ya 2018 iko wazi: ku royalti, ile kampuni inalipa juu ya madini inayouza, nusu inaenda Kinshasa, 25 kwa mia jimbo, 15 kwa mia komine na sekta, 10 kwa mia mufuko wa vizazi vijavyo, na zaidi ya hapo kila kampuni inatoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Sisemi kuna aliyekula, sina karatasi mukononi na siandiki ile sina karatasi yake. Nasema chumba kimoja, taa mbili, frigo, mikroskopi na mishahara ya watu watano havitaonekana hata ku desimali mu hesabu ya mwaka mumoja ya jimbo la shaba na kobalti. Na mishahara iwe ndani ya bajeti ya jimbo, isitegemee mufadhili, sababu mufadhili akiondoka taa inageuka kuwa ya kuanikia nguo.

Iko watakaosema, mwalimu, watoto wanakufa na malaria, kolera inapita kila mwaka, wamama wanakufa na kansere ya shingo ya kizazi na chanjo yake, ya HPV, haijaenea, na wewe unatuletea taa. Ku HPV muko na haki, anzeni hata leo, na kama mungenilazimisha kuchagua ningechagua chanjo. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuchagua wakati munanunua magari ya Jeep.

Kwa UNILU niko na ombi la peke yake. Majaribio mengi ya hiyo jeli na taa yalifanywa ku Wazungu wazee wenye ngozi iliyochoka. Vijana wa Kiafrika wenye ualbino hawakupimwa vya kutosha. Chumba kikifunguliwa, kila mugonjwa aandikwe vizuri: umri, baka liko wapi, biopsi (kile kipande kilichokatwa) ilisema nini, mwaka mumoja kisha baka limerudi ao hapana. Hiyo daftari, kama inatunzwa kwa uaminifu, dunia itaihitaji, na itakuwa na jina la Lubumbashi juu yake bila kuchimba shimo. Kutoka pale wanakemia wetu wana kitu cha kuleta mukononi wakienda kubisha hodi Johannesburg ao Makhanda, hawaendi kama waombaji.

Na kwa wale wauza chupa: daktari mukuu wa jimbo atoe tangazo fupi, kwa Kiswahili, mu redio, liseme hakuna dawa ya nano ya kunywa inayotibu kansere hapa muji, na liseme namba ya kupiga kama mutu ameuziwa. Hiyo haingojee bajeti.

Kikao cha bajeti kinaanza mu Septemba. Mistari ninayoomba ni minne: labo ya biopsi yenye daktari wake, chumba cha taa na frigo ya sola, infirmie wawili kwenda Moshi, na kremu ya jua bila ushuru. Mutuambie kila mustari uko mu meza ya nani na jibu litatoka tarehe gani. Kama jibu ni hapana, muliandike vile vile na sababu yake, wazazi wenye watoto wenye ualbino hapa mu komine za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba wanajua kusoma.

Wenu,
Mwalimu wa kemia, komine ya Katuba, Lubumbashi